Mtambo Uliohema Haraka

Katika ukoo wetu anaitwa Nukta. Jina hilo alipewa na kaka yangu kabla hajamwoa, wakiwa bado wanafunzi, kwa sababu ya tabia yake ya kusimamisha mazungumzo ya watu ili aulize kaswali kadogo. Ukimwambia umechoka, anauliza kiasi gani. Ukisema chumvi imezidi, anataka kujua imezidi kwa vijiko vingapi. Marehemu mama alisema siku ya posa huyu binti atauliza mapenzi hayo yana desimali ngapi. Tulicheka, naye akacheka nasi, ameinamisha kichwa kama mtu anayepokea zawadi asiyoitarajia.

Ni mwembamba, hapendi viatu vyenye kelele, na akizungumza na mtu humtazama mikono badala ya uso. Mimi ni wifi yake, na kaka yangu hachoki kuwaambia wageni kwamba nyumba yetu ilipata wifi kabla ya kupata intaneti. Kazi yake ni kuandika programu, lakini si zile za kwenye simu. Anaandikia vikompyuta vidogo vinavyofichwa ndani ya mitambo, vya kuiambia pampu izunguke au jokofu la dawa lipoe. Karakana yake ni chumba kimoja juu ya duka la vigae. Kuna meza mbili, nyaya za rangi zote, harufu ya risasi ya kulehemu, na kiti cha mgeni ambacho daima kimekaliwa na makatoni.

Katika kazi zake zote, tuliyojivunia ni mtambo wa oksijeni wa hospitali kuu. Chuma na mapipa vilitoka kwa fundi mwingine, lakini akili yake, kama tulivyopenda kusema, ilikuwa ya Nukta. Mtambo ule unavuta hewa ya kawaida na kuipitisha kwenye pipa lenye chembechembe zinazonasa nitrojeni, oksijeni ikaendelea na safari. Pipa moja likishiba, vali zinageuka, la pili linashika zamu na la kwanza linapumua nje. Zamu hubadilishwa kila baada ya sekunde kumi. Ukisimama karibu unasikia pshh, kimya, pshh, kama mtu mkubwa aliyelala salama.

Nilikuja kuujua mlio huo kwa sababu mbaya. Binti yangu alijifungua mtoto wa miezi saba. Mjukuu wangu alikuwa mdogo kiasi kwamba niliogopa kumtazama kwa muda mrefu, nikidhani macho yangu yanaweza kumchosha. Walimlaza kwenye wodi ya watoto njiti, kitanda cha tatu, mirija miwili myembamba puani. Walituruhusu kuingia mmoja mmoja, kwa hiyo binti yangu akiwa ndani mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Nyuma ya ukuta wa benchi lile ndipo ulipokuwa mtambo. Niliegemeza mgongo nikiusikia ukifanya kazi, na kila ulipopumua nilijua kwamba na yeye amepata.

Mchana mmoja Nukta alikuja na chupa ya chai na kanga safi za binti yangu. Alikaa kando yangu, akaanza kunieleza habari ya kaka yangu na jirani aliyemwomba ngazi tangu mwaka jana.

"Sasa jana amekwenda kuidai, akakuta imepakwa rangi. Mwenye nayo anasema..."

Hapo akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno.

"Anasema nini?"

"Wifi, subiri."

"Kuna nini?"

"Nyamaza kidogo."

Alikuwa ameinua mkono na kutazama saa yake. Pshh. Midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Pshh. Akahesabu tena, na tena. Nilimtazama nikaogopa, maana nilimjua. Uso wake huwa hivyo akiwa na swali ambalo hataki kulijibu.

"Nane," alisema. "Zinapaswa kuwa kumi."

"Si afadhali? Unafanya kazi haraka."

Alishaondoka, chupa ya chai ikiwa bado mkononi, nami nikamfuata.

Chumba cha mtambo kilikuwa na joto. Mwangalizi wake ni mwanaume mnene, mchangamfu, ambaye kabla ya mtambo kuja alikuwa anabeba mitungi ya gesi kutwa nzima, na hadi leo wote wanamwita Bwana Mitungi.

"Karibu, mama mwenye mtambo," alisema. "Umekuja kumjulia hali mwanao?"

"Anahema haraka."

"Ah, siku hizi ana afya huyo. Ameshiba umeme."

"Tangu lini yuko hivi?"

"Wiki mbili, wiki mbili na kidogo. Kabla ya hapo alikuwa amepoapoa, nikasema labda ni joto. Halafu akachangamka."

Nukta aliweka chupa sakafuni. "Umeme ulikatika lini mara ya mwisho?"

Bwana Mitungi alicheka kwa raha. "Mama, hiyo tumeisahau. Tangu waweke betri na sola, hata taa haipepesi. Kule mtaani watu gizani, sisi hapa tunawaka. Wiki ya tatu hii, sijauzima wala kuuwasha."

Nilitegemea Nukta afurahi. Alikaa juu ya kreti la soda lililokuwa pale, polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba.

Kisha akainuka, akabonyeza vitufe viwili vya skrini kwa pamoja. Ukurasa ukabadilika, ikatokea namba ndefu iliyokuwa ikiongezeka. Ilikuwa milioni mbili, elfu tisini na moja, na mia kadhaa zilizokuwa zikipanda.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Saa ya mtambo. Inahesabu sekunde tangu ulipowashwa." Alitoa simu, akafanya hesabu, akaifuta, akaifanya tena. "Ikifika milioni mbili elfu tisini na saba na kidogo, itasimama. Vali zitasimama nayo. Tuna saa moja na dakika chache."

"Nani kasema itasimama?"

"Mimi ndiye niliyeiandika, wifi."

Nakumbuka nilitazama mkono wake uliokuwa juu ya lile kasha la chuma, nikatamani kuubandua.

Mganga mkuu alikuwa ofisini kwake, anakula karanga na kusoma. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, aliyezoea kuletewa matatizo yakiwa yameshatokea. Hili lilikuwa bado. Alisikiliza, akafuta vidole, akatufuata hadi kwenye mtambo, akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Oksijeni asilimia tisini na nne. Ni safi kuliko ile ya mitungi. Unataka niuzime?"

"Uzimwe na uwashwe upya. Basi."

"Ukizimwa inachukua muda gani kurudi kwenye usafi huu?"

"Nusu saa. Pengine pungufu."

"Na kwa nusu saa hiyo watoto wavute nini? Mitungi mikubwa imekwenda kujazwa, gari linarudi kesho. Nina midogo miwili, na mmoja ni wa mama anayesubiri upasuaji. Kwa nini tusingoje kesho?"

"Kwa sababu haufiki kesho, daktari. Haufiki hata jioni."

"Basi kengele itapiga, na sisi tutajua."

"Kengele inapiga vali zikikaa nusu dakika bila kugeuka. Hiyo nusu dakika inaihesabu kwa saa hii hii. Saa ikisimama, kengele nayo inasubiri." Aliongea kwa sauti ndogo, akimtazama mikono. "Hata hiyo tisini na nne. Kipimo kinasomwa kila dakika, kwa saa hii hii. Pipa litajaa nitrojeni, watoto watavuta hewa ya kawaida, na skrini itaandika tisini na nne mpaka mtu aivunje."

Mganga mkuu alivua miwani. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Kwa nini isimame?"

Nukta alichukua chaki iliyokuwa ya kuandikia mitungi, akachora visanduku saba sakafuni.

"Kompyuta hii haina nafasi isiyo na mwisho. Namba niliyoichagua ina kama visanduku saba vya tarakimu. Nukta ya desimali inaweza kuhama, lakini visanduku ni hivyo hivyo. Mara kumi kwa kila sekunde naiambia: ongeza sifuri nukta moja. Saa ikiwa changa, ikiwa kwenye mamia, kuna visanduku vingi upande wa kulia, sehemu ya kumi inaingia vizuri. Vizuri kiasi, maana hata sehemu ya kumi yenyewe haiwezi kuiandika sawasawa, kama wewe usivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali. Lakini inakaribia. Sasa tuko milioni mbili." Alijaza visanduku vyote. "Nikikuletea sehemu ya kumi, utaiweka wapi?"

"Nitaikadiria."

"Ndiyo. Inakadiria kwa kilicho karibu. Kwanza ilipokea pungufu kidogo, ndiyo maana mtambo ulipoa. Halafu ikawa inapokea zaidi ya inachopewa, ndiyo maana unahema haraka. Mbele kidogo, kilicho karibu zaidi kitakuwa sifuri. Nitaiambia ongeza, itajibu imeongeza, na haitasogea."

Sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa mpaka kidogo kisikiguse. Baadaye niliwaza sana juu ya hilo. Pale niliwaza kitanda cha tatu tu.

"Ulipoujaribu hukuona?" mganga mkuu akauliza.

"Kwenye karakana umeme ulikuwa unakatika kila siku mbili. Hapa kwenu ulikatika kila siku. Ukikatika, saa inaanza sifuri. Katika miaka yote hii hakuna siku mtambo huu umefika wiki moja bila kuzimika. Mmeleta betri, ndiyo mara ya kwanza unaishi muda wote huu."

Bwana Mitungi alikuwa ameacha kutabasamu. "Kwa hiyo zile kero ndizo zilikuwa zinatuokoa," alisema taratibu.

"Hesabu kwa saa yako, daktari. Skrini inasema sekunde kumi."

Mganga mkuu alihesabu mizunguko mitatu. Kila mmoja ulikuwa wa sekunde nane. Lakini bado hakutoa amri, na sasa namwelewa. Kuacha kitu kinachofanya kazi kiendelee hakumhitaji mtu kuwa jasiri. Kukizima ni lazima mkono wa mtu, na mkono huo una mwenyewe.

"Una uhakika?"

"Na hesabu, ndiyo. Kwamba mtungi mmoja utatosha mpaka uchangamke tena, hapana."

Alinigeukia mimi, kama vile ndiyo kwanza ananiona. "Na wewe, mama, ni fundi pia?"

"Mimi ni bibi wa mtoto wa kitanda cha tatu."

Hakuna aliyeniuliza maoni, na sikujua kama nina haki ya kuyatoa. Nilimtazama Nukta. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufahamiana alikuwa ananitazama usoni.

"Zimeni," nilisema. "Mkisubiri mpaka usimame wenyewe, hata huo mtungi mtaufungua mmechelewa."

Mganga mkuu alivaa miwani. "Mitungi, lete mmoja. Mwambie sista afunge bomba la upasuaji, wodi ya watoto peke yake ndiyo ibaki wazi."

Nilikimbilia wodini. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kukaripia hata akisalimia. Siku hiyo hakukumbuka kwamba tunaingia mmoja mmoja. Binti yangu alisimama kando ya kitanda, ameshika ukingo.

"Mama, kuna nini? Mbona wanakimbia?"

"Wanabadilisha mtungi. Anti yako yuko kule."

"Anti anafanya nini kule?"

"Anautengeneza mtambo."

"Umeharibika?"

"Bado," nilisema, na nikajua nimejibu vibaya.

Nyuma ya ukuta ule mlio ukakata. Sijawahi kusikia kimya kizito namna ile. Kwenye mguu wa mjukuu wangu kulikuwa na kibanio chenye taa nyekundu, na kisanduku kidogo kilionyesha oksijeni ya damu yake. Tisini na mbili. Muuguzi alipita kitanda hadi kitanda akipunguza mtiririko kidogo kidogo, ili mtungi ufike mbali, huku akinung'unika, "Taratibu wanangu, leo tunabana matumizi."

Tisini na moja. Themanini na tisa.

"Sista, inashuka."

"Naiona, mama. Usiniimbie."

Nilisikia mtambo ukianza tena, kompresa ya kusukuma hewa ikinguruma, kisha pshh ya kwanza. Nikadhani yamekwisha. Muuguzi akatikisa kichwa. Huo bado ni upepo mtupu, alisema, mpaka mapipa yajisafishe. Mshale wa mtungi ulikuwa umeingia kwenye eneo jekundu. Mtoto wa kitanda cha kwanza alianza kulia, kilio chembamba kama cha paka, na muuguzi akasema, "Huyo anayelia namshukuru, hao walionyamaza ndio wananitisha." Wangu alikuwa amenyamaza.

Themanini na sita. Ngozi ya kuzunguka mdomo wake ilikuwa inageuka rangi. Binti yangu hakulia. Aliweka kidole kimoja kwenye kiganja cha mtoto, na kile kiganja hakikufunga.

Mshale ukalala kabisa, na mtungi wa pili ulikuwa umeshapelekwa kwa yule mama wa upasuaji. Nilitoka ukumbini, nikafungua mlango wa mtambo bila kubisha.

"Mtungi umekwisha!"

Nukta alikuwa amechuchumaa mbele ya skrini, jasho limelowanisha mgongo wa gauni. Bwana Mitungi alikuwa ameshika gurudumu la bomba kubwa kwa mikono miwili.

"Sabini na nane," Nukta alisoma. "Kitabu kinasema tusubiri tisini."

"Kitabu hakina mtoto wodini," nilisema.

"Najua, wifi. Themanini. Themanini na mbili. Inatosha. Fungua."

Bwana Mitungi alifungua. Nilirudi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Namba ya mtoto ilikuwa imeshuka hadi themanini na nne, ikakaa hapo kwa muda, na nilimchukia Nukta. Niseme ukweli. Nilimchukia kwa ukimya wake, kwa kaswali kake kadogo, kwa karakana yake yenye nyaya, kwa miaka yote tuliyojisifia akili yake. Kisha namba ikawa themanini na tano. Ikarudi nne. Ikaenda sita, nane. Muuguzi alirudisha mtiririko wa kila kitanda, na alipofika kwetu alisema, "Haya, mkia wa mbuzi umepita," neno lake mwenyewe, sijui alilitoa wapi. Kiganja kilikifunga kidole cha mama yake.

Nilipotoka, Nukta alikuwa kwenye benchi, simu sikioni. Programu ile ilikuwa imewekwa kwenye hospitali nyingine tatu.

"Samahani kukusumbua. Umeme wenu ukoje?" alikuwa anauliza. "Mbaya? Unakatika mara ngapi? Kila siku? Nashukuru. Hapana, sikucheki. Tafadhali msifunge betri mpaka nije." Ya pili nayo ilikuwa gizani tangu asubuhi, na akashukuru tena, na sauti ya upande wa pili ikamuuliza kama anaumwa.

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Wewe fundi, njoo umwone mtoto wenu. Osha mikono kwanza."

Alisimama, akaenda kwenye sinki. Alikuwa bado anasugua vidole simu ilipoita. Hospitali ya tatu. Akaipokea kwa kiwiko.

"Umeme wenu mzuri sana? Tangu lini?" alisema. Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka. "Nisikilize. Una mitungi mingapi iliyojaa? Iandae sasa hivi. Nakuja, lakini usinisubiri."

Alipita mbele yangu mikono ikidondosha maji. Hakuaga.

Jioni kaka yangu alinipigia: kule nako walizima, wakawasha, hakuna aliyedhurika. Nukta alilala kwenye karakana siku zilizofuata, akaziandika upya zote nne. Saa mpya haina desimali. Inahesabu mapigo mazima, moja, mbili, tatu, na kila zamu ya pipa inaanza hesabu yake yenyewe. Alimwandikia mganga mkuu barua, akaeleza kosa ni lake, bila kutaja betri. Alitegemea wasimwite tena. Wanamwita, lakini sasa kila kazi yake wanaiacha iwake miezi miwili kabla ya kuipokea, na ni yeye aliyelidai sharti hilo.

Mjukuu wangu sasa anatembea kwa kushika ukuta. Wiki iliyopita Nukta alikuja, tukakaa jikoni tukimenya machungwa. Kuhusu siku ile hatujawahi kuzungumza. Mtoto alijikokota hadi kwake, akashika goti lake kwa mikono inayonata, naye akaweka kisu kando ili kisimguse.

"Wifi," alisema bila kuinua uso. "Bado una hasira na mimi?"

Nilifikiri kidogo. Angejua kama ningedanganya.

"Kidogo," nilisema.

Nilingoja aulize kiasi gani. Hakuuliza. Alimpandisha mtoto mapajani, akampa pande la chungwa, tukaendelea kumenya.